Ngazi Mlangoni ni Hitilafu ya Huduma: Mwongozo kwa Watumiaji Wenye Ulemavu Arusha na Meru

Mita ya umeme inaposoma vibaya, mteja hujua la kufanya. Huandika namba ya mita, huenda kwa mtoa huduma, na asiporidhika hufika kwa mdhibiti. Maji yakitoka machafu, au salio la simu likikatwa bila maelezo, njia ni hiyo hiyo. Lakini mteja anayetumia kiti mwendo akikuta ngazi nne mbele ya ofisi ya kulipia ankara, mara nyingi hurudi nyumbani na kumtuma mtoto wa jirani. Hakuna fomu inayojazwa wala namba ya malalamiko inayotolewa. Kwenye kumbukumbu za mtoa huduma, siku hiyo huhesabiwa kuwa siku isiyo na tatizo.

Katika sura hii tunaeleza kwa nini ngazi hizo ni hitilafu ya huduma kama ilivyo mita mbovu, na kwa nini zinapaswa kuripotiwa kwa namna ile ile. Tunaeleza pia haki zinazohusu kazi, shule na maisha ya mtaani, kisha tunaonyesha hatua za kufuata. Tumeandika kwa kuwafikiria wakazi wa Jiji la Arusha na wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, ingawa sheria tunazozitaja zinatumika Tanzania Bara nzima.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hiyo ni takribani mtu mmoja katika kila watu tisa. Mtoa huduma asiyepokea lalamiko hata moja kutoka kwa kundi kubwa kiasi hicho asijipongeze haraka. Huenda walalamikaji wameshindwa kufika dirishani.

Sheria inasemaje kuhusu ulemavu

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ulemavu ni jambo la mwili peke yake: mguu usiotembea, jicho lisiloona, sikio lisilosikia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inatazama mbali zaidi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ulemavu ni kupoteza au kupungukiwa na fursa ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Neno la msingi hapo ni fursa. Mtu aliyepooza miguu akiingia ofisini kwa njia ya mteremko na kuhudumiwa, fursa yake ipo. Akizuiwa na ngazi, fursa hiyo imepotea, na aliyeipoteza ni yule aliyejenga ngazi bila kuweka njia nyingine.

Mtazamo huu ndio uliomo pia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Lugha yetu nayo imeanza kuufuata. Maneno ya zamani kama “kilema” yalimweka binadamu katika ngeli moja na kiti na kisu. Leo tunasema “mtu mwenye ulemavu”, tukianza na mtu.

Wakazi wa Meru hawahitaji maelezo marefu kuamini kwamba mazingira yanaweza kumlemaza mtu. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni mlima wa volkano, na miamba yake huachia madini ya floridi katika chemchemi na visima vingi vya eneo hili. Floridi ikizidi hutia meno rangi ya kahawia. Mtoto anayekunywa maji hayo kwa miaka mingi anaweza kupinda mifupa ya miguu. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Kadiri maji yanavyopungua sufuriani, ndivyo floridi inavyokolea. Ni kwa sababu hiyo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia uchujaji wa maji kwa mkaa wa mifupa. Una haki ya kumuuliza mtoa huduma wako wa maji kiwango cha floridi katika maji anayokuuzia. Penye shaka, maji ya kunywa na kupikia ya watoto wadogo yatokane na mvua iliyovunwa vizuri au chanzo kilichopimwa.

Sasa mfikirie mtoto ambaye miguu yake imepindishwa na maji hayo. Siku anapofika shuleni akakuta choo kisicho na mahali pa kushika, mazingira yanakuwa yamemdhuru mara mbili. Dhara la kwanza ni gumu kurekebisha. La pili fundi mmoja hulimaliza kwa siku moja.

Mlangoni na dirishani

Sheria ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika majengo ya umma na kutumia huduma zinazotolewa humo. Ili uweze kujua kama njia uliyowekewa inafaa, inakubidi kujua vipimo vichache.

Njia ya mteremko salama hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo njia yake inahitaji urefu wa mita 5.4. Utaona majengo ambayo kimo kama hicho kimepewa njia ya mita mbili tu. Hiyo haimfikishi mtu mlangoni, humwangusha kinyumenyume. Mlango nao uwe na upenyo usiopungua sentimita 80, na mbele yake pasiwe na mfereji ulio wazi uliofunikwa kwa ubao mmoja, kama ilivyo mbele ya maduka mengi mjini. Wakati wa masika ubao huo humtisha hata mwenye miguu mizima.

Vizuizi vingine havina ngazi. Ofisi inayoita wateja kwa sauti humwacha kiziwi akae kwenye benchi mpaka jioni. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ingetosha. Menyu ya malipo kwa simu hukatika mtumiaji anapochelewa kubonyeza, na asiyeona hujikuta akimpa wakala simu pamoja na namba ya siri. Tunasisitiza: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata kwa nia njema. Mwombe wakala akusomee hatua, kisha namba ya siri uiingize mwenyewe. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kusoma skrini kwa sauti. Mwombe muuzaji akuwashie kabla hujalipa. Ikiwa programu ya benki au ya kampuni ya simu haisomeki kwa sauti, hiyo ni hitilafu ya kuripoti.

Kuna na kosa dogo linaloumiza sana: mhudumu kumuuliza msindikizaji, “Anataka nini?” ilhali mwenye shida yuko mbele yake. Mteja ni yule aliyekuja na ankara. Aulizwe yeye.

Ukinunua vifaa, kumbuka kwamba Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 imeviweka vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye mahitaji maalumu miongoni mwa bidhaa zisizotozwa kodi hiyo. Muuzaji wa kiti mwendo au fimbo nyeupe akikuongezea VAT, mwombe akuonyeshe msingi wake kwenye risiti.

Barabarani

Anayetoka Ngaramtoni, Tengeru au Usa River kwenda mjini hutegemea hiace, na kutoka kituoni hadi nyumbani hutegemea bodaboda, ambayo Arusha wengi bado wanaiita toyo. Magari hayo hayakutengenezwa kwa kufikiria kiti mwendo. Hata hivyo leseni ya usafirishaji hutolewa ili kuhudumia umma, na mtu mwenye ulemavu ni sehemu ya umma huo.

Kondakta anayempita abiria kituoni kwa sababu ya magongo yake, au anayesema kwamba abiria huyo “atachelewesha gari”, anastahili kuripotiwa. Andika namba ya gari, njia, mahali na saa. Kiti mwendo kinachokunjwa si gunia la viazi. Ndiyo miguu ya abiria, na abiria halipii nauli ya miguu. Ukitozwa fedha ya ziada kwa ajili yake, omba risiti na utoe taarifa. Sisi abiria wengine nasi tuna wajibu: kiti cha karibu na mlango kiachwe kwa anayekihitaji bila kusubiri kuombwa.

Kazini

Sheria ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Hoteli yenye wafanyakazi 100 inatakiwa kuwa nao angalau watatu. Kiwanda chenye 300, angalau tisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, tangu kutangaza nafasi hadi kupandisha cheo na kuachisha kazi.

Waajiri hutuuliza kazi gani mtu mwenye ulemavu anaweza kufanya. Jibu moja liko hapa Arusha. Karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, huajiri watu wenye ulemavu, wakiwamo viziwi, wanaoyeyusha chupa zilizotupwa na kuzigeuza kuwa glasi, shanga na mapambo yanayonunuliwa na watalii. Mbele ya tanuri la kioo, lugha ya alama inatosha kuendesha kazi, na wageni hununua kwa sababu bidhaa ni nzuri. Iringa nako, Neema Crafts imekuwa ikiendesha karakana na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja huandika anachotaka na chakula hufika.

Mahali pengi marekebisho yanayohitajika ni madogo. Mtu mwenye ualbino anayefanya kazi shambani au getini anahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na zamu ya asubuhi au jioni badala ya saa sita mchana. Mafuta ya kumfaa yametengenezwa hapo jirani Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, kwa jina la Kilisun. Karani asiyeona anahitaji kompyuta yenye programu ya sauti. Anayetumia magongo huenda anahitaji tu kuhamishiwa meza ya chini.

Mfanyakazi akipata ulemavu kwa ajali ya kazini, mwajiri hawezi kumfukuza siku inayofuata. Anatakiwa kuzungumza naye, kupima uwezo wake na kuangalia njia mbadala, ikiwamo kurekebisha kazi au kumpa nyingine. Fidia hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na taarifa ya ajali itolewe mapema. Usiache ipite miezi 12.

Migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda ni mfupi na watu wengi hupoteza haki kwa kuchelewa: siku 30 tangu kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Ziandike tarehe hizo ukutani.

Shuleni

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuandikishwa na kusoma pamoja na wenzake. Maneno “mpelekeni shule maalumu” hayatoshi kuwa sababu ya kumkataa mlangoni. Shule maalumu zina kazi yake, na kwa baadhi ya watoto ndizo zinazofaa, lakini uamuzi huo ufanywe kwa kumpima mtoto na kuzungumza na mzazi.

Wazazi wa eneo hili wana jirani mwenye msaada. Chuo cha Ualimu Patandi, kilichopo Tengeru, huandaa walimu wa elimu maalumu kwa ajili ya nchi nzima. Mzazi na mwalimu mkuu wanaposhindwa kujua waanzie wapi, ni busara kuuliza kama kata au halmashauri ina mwalimu aliyepata mafunzo hayo.

Mambo matatu yaulizwe mapema, kabla mwaka wa masomo haujaanza: mtoto atafikaje darasani na chooni, atapataje maandishi, yawe makubwa au ya nukta nundu, na nani atamtafsiria kama ni kiziwi. Kwa mtihani wa taifa, taarifa za mtoto zipelekwe Baraza la Mitihani kupitia shule wakati wa usajili. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wenye uoni hafifu hupewa karatasi za maandishi makubwa, na wasioona huandaliwa mtihani wa nukta nundu. Shule isipotoa taarifa, mtoto huingia chumba cha mtihani bila kupewa muda ulio haki yake, na hakuna anayeweza kumrudishia.

Mtaani na kijijini

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako upate masharti ya sasa. Mkopo huo si sadaka. Unarejeshwa, na usiporejeshwa mwenzako atakosa.

Sheria inaelekeza pia ziwepo kamati za watu wenye ulemavu katika ngazi ya kijiji au mtaa hadi halmashauri. Uliza kama ya kwenu ipo na inakutana. Mkutano wa kijiji unaofanyika juu ya mlima, mahali ambapo mwenye magongo hafiki, umemnyima kura bila kumtamkia. Hamisheni mkutano uende uwanja wa shule.

Namna ya kuripoti

1. Andika kilichotokea siku hiyo hiyo: mahali, tarehe, saa, jina la huduma, na kizuizi chenyewe. Picha ya ngazi au ya njia iliyosimama mno ni ushahidi mzuri.

2. Peleka lalamiko kwanza kwa mtoa huduma. Omba namba ya kumbukumbu. Kama huwezi kuandika, taja lalamiko kwa mdomo au kwa lugha ya alama kupitia mtu unayemwamini, na umwombe mhudumu aliandike.

3. Usiporidhika, nenda kwa mdhibiti husika: EWURA kwa umeme, maji na mafuta, TCRA kwa simu, intaneti, posta na utangazaji, LATRA kwa mabasi, hiace na bodaboda, Benki Kuu kwa mabenki na huduma za fedha. Masuala ya shule yaanzie kwa afisa elimu wa kata.

4. Omba msaada wa vyama vyenu: SHIVYAWATA, ambalo ni shirikisho, CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, CHAWATA kwa watu wenye ulemavu wa viungo, na Chama cha Watu Wenye Ualbino.

Lalamiko halihitaji lugha ya kisheria. Mfano huu unatosha:

“Tarehe 4, saa nne asubuhi, nilifika ofisini kwenu kulipia ankara. Natumia kiti mwendo. Mlangoni kuna ngazi nne na hakuna njia nyingine. Nilisubiri nje dakika 40 bila kuhudumiwa. Naomba muweke njia ya mteremko, na kabla haijajengwa naomba mhudumu atoke nje kunihudumia. Naomba jibu kwa maandishi.”

Angalia kwamba barua hiyo inaomba mambo mawili: dawa ya kudumu na nafuu ya leo. Mtoa huduma anaweza kusema kwamba ujenzi unasubiri bajeti, na pengine ni kweli. Lakini kumtuma mhudumu atoke nje na kitabu cha risiti hakusubiri bajeti ya mtu yeyote. Kila lalamiko lililosajiliwa linabaki kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu hizo ndizo sisi wadhibiti huzisoma tunapokagua. Ukirudi nyumbani kimya, ngazi itabaki, na kesho atakuja mwingine aikute.